Kaka ametuma ratiba ya siku tisa, mama anauliza habari za kivuko

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 46, naishi Moshi maeneo ya Majengo, nina duka la vitambaa na vifaa vya kushonea. Safu yako naisoma kila wiki na sikuwahi kudhani nitakuandikia kwa sababu ya matembezi. Wenzangu wanakuandikia mambo ya ndoa na mirathi. Lakini jambo hili limeninyima usingizi wiki ya tatu sasa, na kila ninayemweleza ananiambia, "Hilo nalo tatizo? Wenzako wanatamani."

Mama yetu ana miaka 71, anaishi Marangu na binti mmoja wa kumsaidia kazi. Baba alifariki mwaka juzi baada ya kulala kitandani miaka minne kwa kiharusi. Miaka yote hiyo minne mama hakulala nje ya nyumba yake hata usiku mmoja. Kabla ya hapo, kwa miaka karibu thelathini, aliuza ndizi na maparachichi kando ya barabara inayopanda geti la mlima. Ada zetu zilitoka pale. Magari ya watalii yalimpita kila siku, mara nyingine yakasimama wakapiga picha mikungu ya ndizi, yakaondoka.

Kaka yetu mkubwa yuko Canada mwaka wa 22 huu. Baba alipofariki, ndege zilimchelewesha akafika siku mbili baada ya maziko. Siku ile alisimama kaburini akasema mbele ya ukoo kwamba mama lazima apumzishwe, atembezwe aone nchi yake, na gharama zote atabeba yeye. Mwaka huu mwezi wa saba anakuja na mke wake na watoto wawili, mmoja ana miaka 14 na mwingine 11, na ametuma ratiba kwenye kundi letu la familia.

Shangazi, ile ratiba ukiisoma unahema. Siku ya kwanza Tarangire. Ya pili Ziwa Manyara, kulala Mto wa Mbu. Ya tatu Ngorongoro, kulala Karatu. Ya nne Serengeti katikati, ya tano Serengeti kaskazini kuona nyumbu wakivuka mto, ya sita kurudi Arusha, ya saba ndege kwenda Zanzibar, kulala Mji Mkongwe, ya nane Nungwi, ya tisa kurudi. Kila siku ina rangi yake. Mama ana magoti mabovu na presha. Atachoka. Nimemwambia kaka atachoka, anasema atakaa kwenye gari zuri na hatatembea popote.

Kuna jambo jingine ambalo ndugu zangu hawalijui. Mama anatumia dawa ya presha inayomfanya aende haja ndogo mara kwa mara, hasa asubuhi. Tulipokwenda msibani Rombo alinifinya mkono mara mbili tusimamishe Noah, na akaniapisha nisimwambie yeyote, hasa wanawe wa kiume.

Sasa nikueleze kilichonichanganya. Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa Marangu, mama anamenya ndizi za mtori. Nikamwonyesha kwenye simu video aliyotuma kaka, simba na watoto wake. Akaangalia mpaka mwisho, akasema, "Wazuri." Akarudi kwenye ndizi zake. Baada ya muda, bila kuinua kichwa, akaniuliza, "Hivi Pangani kile kivuko bado kipo?"

Baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Pangani, mkoani Tanga. Mama alimfuata huko akiwa bibi harusi mwaka 1973, kaka akazaliwa huko huko, wakarudi Marangu mwaka 1977. Mimi nimezaliwa baada ya hapo. Maisha ya kule hatukuwahi kusimuliwa sana.

Basi nikaandika kwenye kundi kwamba badala ya kuzunguka hifadhi zote, twende taratibu: Lushoto siku mbili, Pangani siku nne, mama akae apigwe na upepo wa bahari. Kaka akajibu, "Watoto wangu wasafiri saa zote hizo waje kuona mto na minazi? Na mama afe hajaiona Serengeti, wakati Wazungu wanavuka bahari kuifuata?" Akamalizia, "Tembea uone." Nikanyamaza. Anayelipa ni yeye. Mdogo wetu wa kiume, anayeendesha magari ya watalii Arusha, hataki kuingilia. Aliniambia pembeni tu, "Dada, wanyama hawana shida. Shida ni kurushwarushwa." Mama mwenyewe alituma sauti: "Popote mtakaponipeleka wanangu, nitashukuru."

Nisimamie Pangani nionekane mpinzani? Nikubali ratiba ya kaka nikijua mama atachoka na ataaibika? Tuchanganye, na tunachanganyaje? Atakayemfungia begi, kumpa dawa na kumshika mkono usiku ni mimi. Naogopa kumchosha mama, naogopa kumuumiza kaka, na kusema kweli nami nimechoka kabla hata ya kuanza.

Binti wa Marangu, Moshi

*

Marahaba, mwanangu. Na poleni tena kwa kuondokewa na mzee.

Waliokuambia hili si tatizo hawajawahi kusafiri na mzazi. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale kwenye ndizi za mtori. Ngoja kwanza nione kama nimekuelewa. Kaka yako anataka kumpa mama vile vyote vinavyosifiwa duniani, kwa siku tisa, kwa fedha yake. Wewe unataka kumpa mama utulivu, na umedhani utulivu uko Lushoto na Pangani. Mama amejibu kwa heshima, na jibu la heshima halijawasaidia. Katikati yenu kuna siri ya dawa ambayo umebebeshwa peke yako. Na nyuma ya yote kuna maziko ambayo mtoto mmoja hakuyawahi.

Nianze na mama. "Popote mtakaponipeleka nitashukuru" ni neno zuri, lakini halijataja mahali. Mzazi wa makamo yake, mbele ya mtoto anayelipa, angesema nini kingine? Hawezi kuchagua kati yenu hadharani. Swali la kivuko ni jambo tofauti kabisa. Hilo hakuulizwa, lilitoka lenyewe mikono ikiwa kwenye kazi. Ninakubaliana nawe kwamba ni zito. Lakini tazama ulivyolichukua: mama aliuliza kama kivuko kipo, wewe ukasikia "nipelekeni Pangani siku nne." Inawezekana ndivyo alivyomaanisha. Inawezekana pia alitaka tu kuzungumza habari za baba yenu na mtu, na tangu amfukie hajapata wa kuzungumza naye. Inawezekana anataka kwenda, na anaogopa kwenda. Mimi sijui, nawe bado hujui. Nadhani hapo ndipo usingizi wako unapopotelea: umepanga safari juu ya sentensi moja ambayo hukuuliza inaendaje mbele.

Sasa niruhusu nikuguse kidogo, kwa upendo. Umeandika mara nyingi kwamba mama atachoka. Magoti ni ya kweli, presha ni ya kweli. Lakini tuangalie mwili wake umezoea nini. Ukingo wa Ngorongoro uko juu, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa saba asubuhi pale ni ukungu na baridi ya kung'ata. Wageni kutoka Dar hutetemeka. Mama yako ameamka kwenye ukungu wa Marangu karibu maisha yake yote, atajifunga mtandio wake na pengine atakuwa wa kwanza kuuliza chai iko wapi. Pangani, ambayo wewe umeiita mapumziko, iko ufukweni: joto, jasho la chumvi, na mbu wanaoleta malaria zaidi kuliko huko kwenu mlimani. Mara ya mwisho alikuwa kule akiwa binti wa miaka ishirini na kidogo. Sisemi isiwe Pangani. Nasema mji mdogo usihesabiwe kuwa mapumziko kwa sababu tu ni mdogo, wala mahali maarufu pasihesabiwe kuwa adha kwa sababu tu pana majina makubwa.

Na kuna jambo uliloliandika kwa kupita ambalo mimi nimelishika. Mama yako amekaa kando ya barabara miaka thelathini akitazama magari ya watalii yakipita. Umewahi kujiuliza kama siku moja angependa kuwa yule aliyekaa dirishani? Kaka yako, kama kifungua mimba, bila shaka alikaa naye pale kwenye ndizi akiwa mtoto. Pengine naye aliyaona magari yale, na hakusahau. Ratiba yake imejaa mno, hilo nakubaliana nawe, lakini usiisome kama majivuno tu. Ameshindwa kuwahi kumzika baba yake. Mtu wa namna hiyo akipata siku tisa na mama yake, hujaza kila saa, kwa sababu saa tupu humkumbusha.

Halafu, mwanangu, kaka yako alizaliwa Pangani. Umeliandika kwa maneno machache ukaendelea na safari. Ulipompelekea pendekezo lako ulimtajia upepo wa bahari, naye akaona mto na minazi. Je, ulimwambia mama aliuliza nini? Ulimwambia aliuliza bila kuinua kichwa? Kwa nilivyoelewa barua yako, hapana. Ulimpa majina ya miji ukamnyima sababu. Huenda hata akijua msimamo wake ubaki ule ule, lakini atakuwa anakataa jambo analolijua.

Tuje kwenye ratiba yenyewe. Nimehesabu: usiku nane, vitanda vinane. Mimi safari ya mzee huwa naihesabu kwa vitanda, vivutio baadaye. Kitanda kipya maana yake ni kufungua begi na kulifunga, kutafuta swichi ya taa gizani, choo ambacho hajui kiko kulia au kushoto, ngazi ambayo jana haikuwepo. Mtu wa miaka 11 hayaoni mambo haya. Mama mwenye magoti mabovu, anayeamka usiku kwa sababu ya dawa, anayaona kabla hajaona simba. Miaka iliyopita nilimpeleka mama yangu mzazi Zanzibar siku tano. Nilimzungusha kila mahali, nikijua nafanya jema. Hadi alipofariki, alichokuwa akikisimulia ni mzee mmoja wa Forodhani aliyemletea kiti akae atazame watoto wakijirusha baharini. Alikaa pale saa nzima. Ilikuwa saa moja tu katika siku tano, na niliitoa kwa bahati, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa na miadi.

Siku ya sita ya ratiba ile inahitaji mdogo wenu aizungumzie, hata kama hapendi kuingilia. Kutoka kaskazini mwa Serengeti mpaka Arusha kwa gari ni siku nzima kuanzia alfajiri, na sehemu kubwa ni barabara ya vumbi ambayo gari linatetemeka mpaka meno. Yeye ndiye anayeijua kwa mikono yake. Mwombe aseme hilo tu kwenye kundi, kama dereva: saa ngapi, barabara gani, mtu wa umri ule hukaaje. Kaka yako anaweza kumkatalia dada yake, lakini dereva atamsikiliza.

Kuhusu dawa. Hili ni zito kuliko yote na ninakuomba ulishughulikie kwanza, safari iwe yoyote. Mama asije akaamua kimyakimya kuacha dawa siku za safari ili asiwasumbue. Wazee wengi hufanya hivyo, na presha haina simile. Mpeleke kliniki mwezi mmoja kabla, muulize daktari muda mzuri wa kuinywa siku za barabarani na kiasi cha maji na chumvi anachotakiwa kuzingatia. Ndani ya kreta ya Ngorongoro huruhusiwi kushuka garini popote unapotaka, ni kwenye vituo vilivyotengwa tu, na kati ya kituo na kituo unaweza kukaa muda mrefu. Kwa hiyo vituo hivyo vya kushukia viulizwe kabla. Na siri aliyokuapisha inaweza kutunzwa bila mama kuteseka: wewe ndiye uwe mtu wa kusimamisha gari. Mwambie mdogo wako, "Mimi siku hizi siwezi kukaa zaidi ya saa moja na nusu, nikikugusa bega tafuta mahali." Mama atashuka kukusindikiza, na heshima yake itabaki mahali pake.

Umeniuliza mchanganye au msichanganye. Naziona njia kadhaa, na kila moja ina mwiba wake.

Mnaweza kuifuata ratiba ya kaka kama ilivyo. Faida yake si ndogo: kaka atatimiza alichosema kaburini, watoto wataona nyumbu, mama atakuwa na la kusimulia kanisani. Mwiba umeshauona mwenyewe. Mnaweza pia kushika Lushoto na Pangani peke yake. Hapo mtapumua, lakini kaka anaweza kurudi Canada akihisi amekataliwa mara ya pili na nyumba yake mwenyewe, na mama akihisi hivyo hatafurahia hata bahari. Vilevile, mahali pa zamani huwa hapapo. Mkonge umepitia mengi tangu walipoondoka: bei ya dunia ilianguka kwa sababu ya kamba za plastiki, mashamba mengi yakafa, mengine yamefufuliwa. Nyumba ya karani inaweza kuwa gofu, au haipo, au anaishi mtu mwingine. Mama anaweza kucheka, anaweza kulia. Mkienda, nendeni mkiwa tayari kwa yote mawili, na msiwe na haraka ya kumfuta machozi.

Njia ya katikati, kama mkiitaka, inaweza kuwa hivi. Sehemu maarufu iwe moja, si tano. Lala Karatu usiku tatu kitanda kile kile. Kutoka Arusha mpaka pale ni lami mwanzo mwisho, kama kilomita 140. Siku moja mteremke kreta. Ni shimo la mita 600 kwenda chini, na chini yake tambarare imejaa wanyama, kwa hiyo mtu aliyekaa kwenye gari anaona mengi bila kusafiri mbali. Siku nyingine kaka na watoto wafuate wanayotaka, mama abaki, atembee sokoni Karatu aulize bei ya vitunguu, ambalo kwa mwanamke aliyefanya biashara maisha yake ni matembezi kamili. Halafu rudini Marangu siku mbili. Ndiyo, nyumbani. Nguo zifuliwe, mama aone ng'ombe wake wamelishwa, alale kwake. Baada ya hapo ndipo mgeukie Tanga. Mwiba wa njia hii ni Zanzibar kuondoka, labda na Serengeti nayo, na hayo ndiyo majina ambayo kaka yako ameyatamka mbele ya watu. Mwiba wa pili: mama akiona wengine wanakwenda yeye anabaki, anaweza kudhani amekuwa mzigo. Kwa hiyo kubaki kuwe ni kwake kuchagua asubuhi ile ile, na kiti chake garini kiwe wazi mpaka mwisho.

Kuna pia jaribio dogo ambalo halihitaji kumsubiri kaka. Hifadhi ya Taifa Arusha iko hapo hapo kati yetu na nyinyi, mnaingilia Usa River. Mpeleke mama siku moja, mrudi jioni. Kuna twiga karibu na barabara, mbega juu ya miti, maziwa ya Momella, na mlima wake mwenyewe ataukuta unamtazama kwa upande wa pili. Raia akiwa na kitambulisho cha taifa hulipa kiingilio kidogo sana kulinganisha na mgeni. Utaona anakaaje garini, anachoka saa ngapi, anauliza nini. Hapo utakuwa na la kumwambia kaka zaidi ya "atachoka." Na hapo hapo mkumbushe kaka kwa upole: kama yeye na watoto wamechukua uraia wa kule, watalipa kiingilio cha wageni kwa dola, kila hifadhi, kila siku. Huenda hesabu yenyewe ikapunguza rangi kwenye ratiba.

Ikitokea mkaelekea Tanga, mama akae kiti cha mbele kushoto, mkitoka Moshi milima ya Upare na baadaye Usambara itakuwa upande wake. Moshi hadi Tanga ni kama kilomita 350, msizimalize siku moja. Mkifika Mombo mnaweza kupanda Lushoto, ni kilomita 30 na kidogo, lakini kona zake ni nyingi, basi asiwe ameshiba sana. Kule ataona migomba na kusikia baridi kama ya kwao, na kutoka ukingo wa Irente mtu anatazama chini aone nyika inavyokwenda na mashamba ya mkonge yamepangwa kwa mistari. Ukishuka, kuanzia Korogwe mpaka Muheza mkonge unaonekana kandokando ya barabara. Hapo nyamazisheni redio.

Kwa ajili ya watoto wa kaka, usiamini kwamba mji mdogo hauna la kuwapa. Waambie mkonge hauna asili ya Afrika. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, mingi ikafia njiani, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Pangani. Mashamba yote yale yaliyomlisha babu yao, na baba yao akiwa mchanga, yalianzia kwenye miche 62. Waambie Bushiri bin Salim alinyongwa na Wajerumani katika mji ule ule mwezi Desemba 1889 kwa kupigana nao. Na waambie hili, mimi hunisisimua kila mara: maji ya Mto Pangani yanatoka Kilimanjaro na Meru. Mto unaopita karibu na kihamba cha bibi yao unashuka mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu, unapita Hale, unakwenda kumwagika baharini pale pale kivukoni. Mtoto wa miaka 11 atakaa ukingoni akitafuta maji ya Marangu.

Kuhusu kivuko chenyewe: daraja la kuunganisha mji wa Pangani na Bweni ng'ambo limekuwa likijengwa miaka hii, ni sehemu ya barabara ya Tanga hadi Bagamoyo kupitia Saadani. Kwa hiyo swali la mama lina muda wake. Piga simu uulize hali ilivyo kabla hamjapanga lolote, ili msimfikishe pale akakuta kitu asichokitegemea.

Na wewe je? Umejitaja mara moja tu, mwishoni kabisa, kwamba umechoka. Miaka minne ya kiharusi cha baba, nadhani uliipanda barabara ya Marangu zaidi ya mtu yeyote katika familia yenu. Nimejiuliza kama ule utulivu wa Pangani uliuona kwa ajili ya mama au kwa ajili yako. Si dhambi ukiwa wako. Lakini ukiwa wako useme kwa jina lako, usimbebeshe mama. Mwambie wifi yako mapema kwamba usiku mbili kati ya hizo atalala na mama yeye. Nadhani atafurahi kuombwa. Ameolewa kwenye nyumba hii miaka yote hiyo akiwa mbali, pengine hajawahi kumshika mama mkwe wake mkono.

Kaka yako usimwandikie kwenye kundi. Mpigie simu muongee wawili, jioni ya huku, na usianze na ratiba. Msimulie tu Jumapili ile: video, "wazuri," ndizi, kivuko. Kisha muulize kama anakumbuka kitu chochote cha Pangani, hata harufu. Alikuwa mdogo sana, labda hana kitu. Subiri ajibu.

Na mama, usimwite umkalishe kikao, atakujibu tena kwa heshima. Panda Marangu siku ya kawaida, chukua kisu, kaa kwenye kigoda pembeni yake mmenye pamoja. Muulize kivuko kile walikuwa wakikipanda kwenda wapi, yeye na baba. Halafu endelea kumenya.

Shangazi